Mwaka wa Kunyimwa Mkasi

Tulipomzika Fundi Gervasi kule Pasiansi, alisimama bwana mmoja mwenye tai akasema kwamba marehemu aliwainua mafundi wa mji huu kwa mikono yake mwenyewe. Akasema nusu ya vyerehani vinavyolia Mwanza vinalia kwa sababu yake. Watu wakaitikia, wengine wakafuta machozi. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani na wanawake wenzangu, nikahisi kitu kinanipanda kifuani kama maziwa yanayofurika jikoni. Sikupaza sauti. Msibani hapapazwi sauti za namna hiyo, na mjane wake hakunikosea lolote. Niliinuka nikaenda uani, nikasimama karibu na masufuria ya wali, nikamwambia binti aliyekuwa anachochea moto: "Yule mzee hakumfundisha mtu hata mmoja. Hata mmoja, unasikia?" Binti akanishika mkono akasema, "Pole, bibi," akidhani ni uchungu wa kufiwa. Uchungu ulikuwepo kweli, lakini haukuwa wa siku ile. Nimeubeba tangu nikiwa msichana, na watu wakiuona usoni mwangu husema Mama Minza ana hasira za uzee. Si za uzee. Nilizipata ujanani, katika duka la Bwana Harilal, mwaka ule wa vita vya Hitla nilipoajiriwa kupiga pindo.

Kabla ya vita hakuna Mhindi mwenye duka aliyeajiri msichana wa Kisukuma kushona. Kushona ilikuwa kazi ya wanaume. Walikaa barazani mstari mzima, miguu yao ikikanyaga vyerehani, na mtu akipita njiani alisikia mlio wao kabla hajaona duka. Lakini vita viliwachukua vijana wengi, na vita hivyo hivyo vikataka nguo. Majora ya kaki yakaletwa kwa treni, yakarundikwa dukani mpaka karibu na dari, kwa ajili ya mashati na kaptula za askari wa Keya, jeshi la Waingereza. Bwana Harilal akakosa mikono. Ndipo mimi na Leokadia, msichana wa Ukerewe niliyepanga naye chumba Kirumba, tukaitwa kufanya zile kazi ndogo ndogo zilizowachelewesha wanaume: pindo, matundu ya vifungo, kufumua mishono iliyokwenda kombo. Hatukuwekwa barazani. Tulitandikiwa gunia uani, kati ya jiko na choo, mahali ambapo hakuna mteja ambaye angetuona.

Siku ya kwanza Bwana Harilal alikuja kutusimamia, mnene, mpole wa sauti, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Akasema, "Sikia, binti. Kazi mwaka moja, kazi nzuri, mimi nafundisha kukata." Leokadia alinifinya paja kwa furaha. Msomaji asiyejua ufundi huu lazima aelewe neno lile lilikuwa na uzito gani. Kushona ni kufuata njia iliyokwisha kuchorwa. Kukata ndiko kuichora njia. Anayejua kushona tu huishi kwa kungoja vipande kutoka kwa anayejua kukata, na asipopewa vipande, cherehani chake ni chuma tu. Tuliona wanaume pale barazani waliokuwa wameshona tangu sisi hatujaota meno ya pili, na bado hawakuweza kumtengenezea mtoto wao nguo ya sikukuu bila kuomba wakatiwe. Nao pia, nilikuja kujua, waliambiwa mwaka mmoja.

Chumba cha kukatia kilikuwa katikati ya nyumba. Upande mmoja kilipakana na vyumba vya familia, na upande wa kwetu kilifungwa kwa pazia zito la kijani. Mbele ya pazia, pale pembamba pa kupitia kutoka dukani kwenda uani, ndipo kilipowekwa cherehani cha Fundi Gervasi. Yeye hakukaa barazani na wenzake. Alikuwa Mhaya, mrefu, msafi, shati limepigwa pasi hata siku za joto, anatafuna buni taratibu kama mtu anayefikiri. Asubuhi Bwana Harilal aliingia ndani ya pazia, akatoka baada ya muda na vumbi la chaki mikononi. Kisha mkono ulipenyeza mafungu ya vipande, Fundi Gervasi akayapokea, akayagawa. Mtu mwingine akikaribia pale alisema bila kuinua macho, "Unapotea njia." Hivyo tu. Wanaume wazima walirudi nyuma.

Mchana tulikula makundi mbalimbali. Wanaume walikula barazani, familia ndani, sisi wawili pale pale guniani. Mimi nilileta maharage na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, Leokadia ugali wa muhogo na furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, na tulichanganya. Jikoni kwa Bwana Harilal palinukia samli na bizari, na mke wake, tuliyemwita Mama Ramesh kwa jina la mwanawe mkubwa, alitoka mara nyingine akatuachia chapati mbili juu ya kigae bila kusema neno. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyetazama watu usoni. Nilidhani hajui Kiswahili.

Chakula kilikuwa saa ya kusikia mambo, kwa sababu mkubwa akishiba husahau nani yuko nyuma ya ukuta. Siku moja, miezi kadhaa baada ya kuanza, nilimsikia Fundi Gervasi akizungumza na Bwana Harilal dukani. Bwana alikuwa anawaza kwa sauti kwamba kazi ni nyingi, labda wale wasichana wafundishwe kukata vitu vidogo, mifuko na mikanda ya kola. Nikaacha kutafuna. Fundi Gervasi akacheka kidogo. "Bwana, ukimwonyesha msichana mkasi leo, kesho ana duka lake Misungwi. Nani atakupigia pindo?" Bwana Harilal akasema, "Kweli. Wewe nasema kweli." Wakaendelea na habari za bei ya uzi.

Namna walivyoamua bila kugombana, wakiwa wameshiba, hiyo ndiyo iliyonichoma. Nimeketi katika mikutano mingi tangu siku zile, ya ushirika, ya chama, ya kanisa, na nimewasikia wakubwa wakisema watu wetu hawana ujuzi, watu wetu hawajawa tayari. Kila nikisikia "hawajawa tayari" narudi kwenye gunia lile. Tulikuwa tayari. Mtu alikaa mlangoni.

Leokadia nilipomwambia hakulia wala hakutukana. Alikuwa mtu wa kucheka, lakini akikasirika alitulia kabisa. Akasema, "Basi tutaiba." Hakumaanisha kitambaa. Tulikuwa na kaptula moja iliyokataliwa kwa sababu iliungua pasi, nasi tulipewa tuifanye matambara. Jumapili, baada ya misa, tuliifumua yote chumbani kwetu, mshono kwa mshono, tukatandaza vipande vyake sakafuni. Tulivishangaa. Havikufanana hata kidogo na nguo. Kipande cha nyuma kilikuwa na tumbo na mkia kama samaki. Tulivichora kwa mkaa kwenye karatasi za mifuko ya sukari, tukakata amerikani tuliyoinunua kwa posho yetu, tukashona kwa mkono. Kaptula ikatoka. Tukampa kaka yake Leokadia aliyekuwa anapakia mizigo bandarini, na alipoinama ikapasuka msamba wote, vijana wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Tulikuwa na umbo lakini hatukujua sababu yake. Mwenye mwili mwingine alihitaji umbo lingine, nasi hatukujua pa kuongeza wala pa kupunguza. Kwa kunakili tu tungebaki hapo hapo.

Mzigo ulipokuwa tayari, Bwana Harilal alikwenda nao boma mwenyewe, na Fundi Gervasi alifuatana naye kuhesabu na kupakua. Siku moja walipoondoka, mimi na Leokadia tuliingia dukani kutafuta uzi. Tulipopita penye pazia tukasikia mkasi. Mkasi mkubwa wa kukatia una sauti yake juu ya meza ya mbao, nzito, isiyo na haraka. Tukatazamana. Bwana tulikuwa tumemwona akiondoka kwa macho yetu. Leokadia akasogeza pazia.

Mama Ramesh alikuwa amesimama mezani, pindo la sari limefungwa kiunoni, kipande cha chaki kati ya meno. Mbele yake kaki ilipangwa tabaka juu ya tabaka, nene kama godoro, naye alikuwa anaipasua kwa mstari ambao mimi mpaka leo sijauweza. Alituona. Mkasi ukasimama. Nikafikiri atapiga kelele. Akatoa chaki mdomoni akasema kwa Kiswahili kizuri kuliko cha mume wake, "Rudisha pazia. Vumbi inaingia."

Tukarudisha pazia, tukiwa upande wa ndani.

"Mama," Leokadia akauliza, "ni wewe unayekata?"

"Nani mwingine? Huyu bwana akikata, mkono wa kulia mrefu, wa kushoto mfupi." Akafunika mdomo kama aliyejishtukia, kisha akacheka, na kumbe alikuwa na kicheko cha msichana. Alituambia alifundishwa na baba yake kwao, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume. Alipoolewa alikuja na mkasi ndani ya sanduku la nguo za harusi. Duka lile lilianza kwa mikono yake. "Lakini mzungu wa boma akisikia mwanamke ndiye anakata, ataleta kazi? Wahindi wenzetu watasema nini? Bwana anaingia, anapaka chaki, anatoka." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, na mimi ndiye niliyeona uchungu kwa niaba yake.

Leokadia hakuzunguka. "Tufundishe."

Mama Ramesh alitutazama mmoja mmoja. Hakuwa amewahi kuombwa kitu hicho na mtu yeyote. Binti yake mdogo alikufa kwa surua, wanawe walipelekwa shule kujifunza hesabu. Akavuta kipande cha kaki kilichobaki, akanipa chaki. "Kwanza gusa mwili wako hapa, nyuma ya nyonga. Kaa. Simama. Umesikia ngozi inavyovutika? Kitambaa hakivutiki. Basi lazima umpe mvaaji nafasi kabla hajaomba." Kwa maneno hayo nikaelewa kwa nini kaptula ya bandarini ilipasuka. Hata leo nikifundisha sianzi na futi. Namwambia mtu akae, asimame, ajiguse.

Tangu hapo, kila mzigo ulipokwenda boma sisi tulikuwa ndani ya pazia. Alitufundisha kwapa, kola, kupanga vipande ili kitambaa kisipotee. Alikuwa mkali. Alinipiga vidole kwa ubao wa kupimia nilipokata nikiwa nawaza mengine. Lakini alibadilika. Alianza kuimba jikoni. Alianza kututazama usoni. Siku moja Leokadia alikata mkono wa shati ukaingia kwenye kwapa bila kuvutwa wala kukunjwa, na Mama Ramesh akaushika juu kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza na kuugeuza, akasema maneno ya kwao ambayo hakututafsiria. Macho yake yalikuwa yamelowa. Nilijua siku ile kwamba mtu huweza kufa njaa ya kutofundisha, kama anavyoweza kufa njaa ya kutofundishwa.

Tulikamatwa siku ya mvua. Gari la mzigo lilikwama matopeni, wakarudi mapema. Fundi Gervasi ndiye aliyetangulia. Alifungua pazia, akatukuta watatu tumeinamia meza, chaki mkononi mwangu, mkasi kwa Leokadia. Hakushangaa kumwona Mama Ramesh. Hilo niliona wazi: hakushangaa. Alijua miaka yote. Alisimama pale maji yakimtiririka usoni, na kwa kitambo kidogo nilidhani ataingia. Nasema kweli, nilidhani ataingia na kusema, "Nionyesheni na mimi." Meza ilikuwa na nafasi. Mama Ramesh hata alijisogeza kidogo.

Akarudisha pazia. Tukasikia viatu vyake vikienda dukani, kisha sauti yake, ya chini na ya adabu, ikimwambia bwana wake.

Bwana Harilal hakupiga mtu. Alitutoa uani, akasimama mvuani akisema sisi ni wezi. Leokadia akamjibu, "Bwana, uliahidi kutufundisha. Ulisema mwaka mmoja."

"Mimi nasema mwaka moja. Mimi nasema mwaka gani?"

Alisema hivyo hasa. Nimekutana na jibu lile mara nyingi maishani, limevaa suti, limeandikwa kwa mashine, lakini halijawahi kuwa wazi kama siku ile.

Leokadia akatulia. Kisha akapita katikati ya duka mpaka barazani, ambako mafundi walikuwa wameacha kazi wakisikiliza, na watu wa njiani wamejikinga mvua. Akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Mnayemwogopa hajui kukata! Anayekata humu ni mama! Na huyu Gervasi anajua, na amewaficha!" Mtu mmoja akacheka. Halafu wakacheka wote, lakini hawakumcheka Gervasi. Walimcheka Bwana Harilal, fundi anayekatiwa na mkewe, na hakuna aliyefikiri kwamba hapo palikuwa na mtu wa kuheshimiwa. Hakuna aliyesema, basi tumwombe mama atufundishe. Bwana Harilal akaagiza mkataji kutoka Kisumu. Mama Ramesh akarudishwa jikoni, na mlango wa kutoka vyumbani kwenda chumba cha kukatia ukapigiliwa misumari. Nyundo tuliisikia tukiwa tunakusanya gunia letu.

Hakuna duka la mtaa ule lililotupokea. Habari zilitutangulia kila mlango. Jumapili tulimngoja Fundi Gervasi nje ya kanisa. Alipotuona hakukimbia. Nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi," kwa sababu nililelewa hivyo, naye akaitikia, "Marahaba." Nikamuuliza kwa nini. Akatema ganda la buni, akaangalia ziwa.

"Mimi nimekaa mbele ya lile pazia tangu nina nywele nyeusi," akasema. "Sijawahi kuambiwa niingie. Ninyi mpite, watoto wa juzi?"

"Ungeingia nasi, Fundi."

"Nikajifunze kwa wanawake?" Akavaa kofia yake. "Mkaolewe, binti zangu." Akaenda zake.

Nilimchukia kuliko nilivyomchukia Bwana Harilal, na sioni haya kusema hivyo juu ya marehemu. Tajiri alikuwa analinda mali yake. Huyu alikuwa analinda kunyimwa kwake. Njaa yake aliifanya cheo, akamtaka kila mtu akae nayo. Baadaye, mkataji wa Kisumu alipoondoka na Wahindi wengi kuhama, duka likawa la Gervasi, naye akaweka mkataji wa kuajiriwa nyuma ya pazia lile lile, na vijana wakapita mikononi mwake kwa makumi, wakapiga pindo, wakapiga pindo, wakazeeka. Hao ndio bwana mwenye tai anaowaita walioinuliwa. Leokadia alipofariki Nansio, baada ya kuwafundisha wanawake wa kisiwa kizima mpaka magauni ya kanga na sare za shule vikawa vinakatwa huko huko, hakusimama mtu mwenye tai.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mwaka ule wenyewe uliishia Misungwi. Tulikwenda kwa miguu na lori, tukaazima cherehani cha mkono kwa mwalimu wa dini, tukakaa gulioni tukikata na kushona magauni ya watoto mbele za watu. Tulifanya hivyo makusudi. Aliyetaka kutazama alitazama. Aliyeuliza alijibiwa. Wanawake waliokuja kununua waliondoka wakichora vipande mavumbini kwa vidole.

Siku moja ya gulio, vita vikielekea kwisha, gari la Bwana Harilal likasimama kando ya barabara. Walikuwa njiani kwenda Shinyanga kwa jamaa zao. Yeye alibaki kwenye usukani akitazama mbele. Mama Ramesh akashuka, akaja moja kwa moja mpaka kwetu, akachukua gauni lililokuwa kwenye kamba, akaligeuza ndani nje. Leokadia akasimama. Aliupitisha ukucha kwenye mshono, akaingiza ngumi kwenye kwapa, akakunja uso.

"Nani alikata hii?"

"Mimi, mama," nikasema.

"Vibaya. Mtoto akiinua mkono, gauni yote inapanda." Watu walianza kukusanyika: wauza viazi, wanaume na fimbo zao za ng'ombe, wanawake na watoto mgongoni. Hawakuwa wamewahi kumwona mwanamke wa Kihindi gulioni akibishana na fundi. Akafunga pindo la sari kiunoni, akapiga magoti juu ya mkeka wetu, akavuta kitambaa, akanyoosha mkono bila kugeuka, na Leokadia akamwekea mkasi ndani yake. "Sogea," akawaambia wanawake waliokuwa nyuma. "Sogea karibu, utaona nini huko?"

Bwana Harilal akapiga honi. Akapiga tena, ndefu, mpaka ng'ombe wakashtuka. Mama Ramesh hakuinua kichwa. Alikuwa amemshika mkono mama mmoja asiyemjua, anambonyeza nyuma ya bega, anamwambia: "Inua. Shusha. Umesikia?"